Mlango Unaokwaruza

Karakana ya mume wangu iko ng'ambo ya kichochoro, mkabala na dirisha langu la jikoni, na nimeishi na ule msumeno wa meza muda mrefu kiasi cha kuzijua sauti zake zote. Naujua ukizunguka mtupu. Naujua ukiingia kwenye mbao laini, na ukikutana na fundo kwenye mbao ngumu, hapo hulia kwa hasira. Tena najua jambo moja ambalo mgeni hawezi kulijua: ukiuzima, hausimami. Huendelea kuzunguka wenyewe, kimya kimya, kwa muda wa mtu kuita jina la mwenzake na kuitikiwa. Shemeji yangu, mdogo wa mume wangu ambaye wanafanya kazi pamoja, husema hapo msumeno unaaga. Yeye hucheka. Mimi sijawahi.

Mtaani mume wangu wanamwita Timazi. Timazi ni ile kamba yenye kipande cha chuma mwishoni, ambayo fundi huining'iniza ili ajue kama fremu imesimama wima. Walimpa jina hilo kwa kumtania, likamganda, kwa sababu hawezi kukaa karibu na kitu kilichopinda. Tukialikwa harusini, kabla hajaonja chakula atakunja karatasi aisukume chini ya mguu wa meza inayoyumba. Siku moja tulikwenda msibani, nikamtafuta wee, kumbe yuko nyuma ya nyumba anakaza kitasa cha choo cha wafiwa. Nilimsema njia nzima mpaka nyumbani.

"Kilikuwa kinacheza," alinijibu, basi, kana kwamba hilo lilimaliza maneno.

Ndiye mume niliyepewa. Nimemgombeza ujana wangu wote na sikuwahi kutaka mwingine.

Kisha akaanguka kutoka juu ya nyumba ya watu aliyokuwa anaiezeka. Kichwa kilipasuka, kikashonwa, akapona, tukashukuru Mungu. Baada ya miezi kadhaa, tukiwa tumekaa tunakunywa chai, aliinua uso akaniuliza, "Mama, kuna kitu kinaungua?" Nikakimbilia jikoni. Jiko lilikuwa limezimwa, hata joto halikuwa nalo. Niliporudi nilimkuta sakafuni, macho yamegeuka juu, mwili mzima unatupwatupwa, na kikombe chake kimepasuka chini ya shavu.

Daktari wa hospitali alituambia ni kifafa, kimeletwa na lile pigo la kichwa. Ile harufu ya kuungua, alisema, haipo duniani, imo kichwani mwake tu, nayo ndiyo hodi ya ugonjwa. Akiisikia, akae chini palepale, mbali na moto, maji na chuma. Dawa zilipunguza mambo, hazikuyamaliza.

Nyumbani tulijua la kufanya. Akiuliza tu kama kuna kinachoungua, naacha nilichoshika, namlaza kwenye mkeka, naweka mto chini ya kichwa, nangoja. Tatizo lilikuwa karakana. Kule mbao huungua kweli. Msumeno ukiwa butu kidogo, mbao hutoa moshi, na hakuna seremala anayeshtuka. Kwa hiyo hodi ya ugonjwa na harufu ya kazi zilikuwa harufu moja, na yeye hakuweza kuzitenganisha. Mara ya kwanza alipoanguka kazini aliangukia nyuma, juu ya lundo la maranda, akatoka na vumbi usoni. Mara ya pili aliangukia mbele. Shemeji alimdaka kwa mkanda wa suruali akamvuta, lakini msumeno ulikuwa umeshachukua ncha ya kidole chake cha mwisho na kipande cha mkono wa shati. Lile shati ninalo mpaka leo. Sijui nalitunzia nini.

"Msumeno na huyu bwana, basi," daktari alisema. Alikuwa ananiambia mimi, si yeye. "Mara ya tatu sitaki kuletewa habari yake."

Akaandika barua, akatuelekeza kwenye ofisi ya malipo ya ulemavu. Serikali humlipa kila mwezi mtu ambaye hawezi tena kazi yake, alisema, asije akajiua kwa kulazimisha. Mimi sikutaka utajiri wa mtu. Cherehani yangu ilikuwa inatulisha, ila haikuweza kutulisha na kulipa kodi kwa pamoja. Nilichotaka ni kimoja tu, na nilikitaka kwa moyo wangu wote: mume wangu asisimame tena mbele ya ule msumeno.

Tulikwenda asubuhi, amevaa shati lake jeupe. Jengo lilikuwa safi, limepakwa rangi juzijuzi, ngazi zimepigwa deki zinang'aa. Ndiyo maana chumba cha kusubiria kilinishangaza. Kila kitu mle ndani kilikuwa kimeharibika, lakini kidogo tu. Bomba la sinki pembeni lilidondosha tone, likanyamaza, likadondosha tena. Katika kila safu ya viti kulikuwa na kimoja kinachoyumba. Pazia la dirisha kubwa lilikuwa limefumuka pindo upande mmoja, na mimi mshonaji vidole vikaanza kuniwasha. Mlango wa kwendea vyooni ulikuwa umelegea bawaba ya juu, ukainama, na kila mtu alipoufungua ulikwaruza sakafu, kwaruuu, mpaka meno yakafa ganzi. Juu ya dirisha la karani palikuwa na kioo kirefu cheusi. Ukikitazama, humwoni mtu ila wewe mwenyewe.

Mume wangu aliutazama mlango kabla hajamtazama karani.

"Usithubutu," nikamwambia.

"Sijasema kitu."

"Macho yako yamesema."

Tukakaa. Watu walikuwa wengi kiasi, na wamenyamaza kuliko kawaida ya watu walioketi pamoja. Baada ya muda ndipo nilipogundua kwamba hawatazamani. Kila mmoja alikuwa amekodolea macho kitu fulani, kama anayelinda mzigo. Pembeni yangu alikaa mwanamume mpana wa mabega, mkanda wa mgongo umefungwa juu ya shati, uso ameuelekeza kwenye bomba. Mikono yake hakuipakata. Alikuwa ameikalia.

"Mama," akaninong'oneza bila kugeuka, "huyu mzee ni fundi?"

"Seremala. Kwani vipi?"

"Mwambie asiuguse huo mlango."

Nilidhani nimekaa karibu na mgonjwa wa akili, nikasogeza mkoba wangu upande wa pili. Lakini akaendelea, taratibu, midomo haichezi sana. Alikuwa fundi bomba. Mgongo ulimharibikia akiwa shimoni. Mara ya kwanza alipokuja hapa aliliona lile bomba linavuja, uvumilivu ukamshinda, akalikaza.

"Kwa mkono tu, mama, hata spana sikuwa nayo. Wakaninyima. Wakasema mtu anayekaza bomba ana mgongo." Akameza mate. "Lisikilize sasa. Si linavuja tena?"

Tone likadondoka, kama lililoitwa.

"Na wakimpa kazi," akasema, "akatae."

Hapo nikamtoa maanani. Mtu amekuja kuomba malipo kwa sababu hana kazi, halafu anawakataza wenzake kazi! Nikajisemea huyu ana lake jambo. Hata hivyo nilimshika mume wangu mkono wa shati na sikuuachia. Kila mlango ulipokwaruza nilimsikia akivuta pumzi. Jasho lilimtoka kwenye paji. Ningeweza kuapa kwamba ule mlango ulimuuma kuliko kidole.

Mbele yetu alikaa mama mmoja mwembamba mwenye magongo mawili, miguu yake imekauka. Alikuwa mcheshi, peke yake katika chumba kile, akatuambia magongo yake ameyapa majina ya wakwe zake kwa sababu nayo humsindikiza kila mahali bila kualikwa. Akanyanyuka kwenda chooni. Kwenda alisukuma mlango kwa bega, ukafunguka. Kurudi, mlango ukakwama katikati. Aliingiza gongo moja, akaingiza bega, akabanwa. Gongo la pili likateleza kwenye ile sakafu yao inayong'aa.

Karani alimwona. Nilimwona karani akimwona. Akarudisha macho kwenye karatasi zake.

Mume wangu alisimama. Sikuachia ule mkono wa shati, naye hakuuvuta. Aligeuka akanitazama.

"Mama, ataanguka."

Nikamwachia. Na wewe ungemwachia.

Aliinua mlango kwa bega, akampitisha yule mama, akampeleka mpaka kwenye kiti. Kama angerudi akakaa, labda. Lakini Timazi arudi akae, mlango akiuacha vile? Alitoa sarafu mfukoni, akapiga goti kuangalia unapokwaruza, akainuka, akaibana ile bawaba, akazikaza skrubu moja baada ya nyingine kwa sarafu, akaujaribu mlango. Ukaenda ukarudi bila sauti. Watu walipiga makofi. Mimi, mjinga wa watu, nilijisikia fahari. Ni fundi bomba peke yake ambaye hakupiga. Alikuwa amefumba macho.

"Fundi," karani akaita, kwa upole mkubwa. "Karibu ndani."

Tulikuwa tumekaa pale tangu ofisi ilipofunguliwa, na kulikuwa na watu waliotutangulia. Hakuna aliyelalamika.

Mkuu wa ofisi alikuwa mama wa makamo, sauti yake laini, miwani yake imefungwa mnyororo shingoni. Alitukaribisha viti, vyote vimetulia. Barua ya daktari ilikuwa mbele yake, ameifunika kwa kiganja.

"Baba yangu," alimwambia mume wangu, "mikono yako ni mizuri. Haitetemeki. Na bega umeliinua bila shida, na goti umepiga."

"Mheshimiwa, mimi mikono sina shida nayo," mume wangu akasema. Ndivyo alivyo, hajui kudanganya hata kwa kunyamaza. "Mimi huanguka."

"Leo umeanguka?"

"Leo bado."

Nikashindwa kujizuia. "Mama, ugonjwa wake hauna ratiba! Dakika hii ni mzima kuliko mimi na wewe, dakika ijayo hayupo. Sasa hiyo dakika asiyokuwepo, akiwa mbele ya msumeno, nani atamrudishia mkono?"

Alinisikiliza mpaka mwisho. Hiyo ndiyo ilinitisha. Mtu anayekukatiza unaweza kugombana naye.

"Nakuelewa, mwanangu," akasema, nami nilikuwa nakaribia umri wake. "Lakini malipo haya ni ya mtu asiyeweza kazi. Nimemwona anafanya kazi. Sikumwagiza. Hakuna aliyemwagiza." Akavaa miwani. "Ila sisi si watu wabaya. Hapa ofisini tunahitaji fundi wa matengenezo. Hakuna msumeno, hakuna mashine, hakuna kupanda juu. Bisibisi tu. Akikubali, aanze wiki ijayo. Akikataa kazi aliyopewa, basi hapa asije tena kuomba."

Bisibisi tu! Mungu anisamehe, nililia kwa furaha mbele yake. Tulipotoka nilimpita fundi bomba bila kumwangalia. Nilinunua nyama, nikapika, nikamwita shemeji tukala pamoja, na mlo mzima nikawa namwambia mume wangu unaona, unaona. Shemeji akasema kaka amepata kazi ya kukaza milango ya watu na kulipwa, jambo ambalo amekuwa akilifanya bure maisha yake yote. Tulicheka sana. Ng'ambo ya kichochoro msumeno ulikuwa umefunikwa turubai.

Siku ya kwanza alirudi mapema, akanawa, akakaa. Nikamuuliza kazi vipi. Akasema nzuri. Nikamuuliza amekaza nini. Akasema, "Sijakaza kitu."

Nilimbana kidogo kidogo mpaka akasema kazi yake ya kila siku ni ipi. Huingia kabla ofisi haijafunguliwa, akiwa na bisibisi. Hulegeza bawaba ya juu ya ule mlango, kiasi cha kukwaruza, asizidishe. Hutoa mpira wa bomba akauchana pembeni, akaurudisha. Huchagua kiti kimoja katika kila safu. Jioni watu wakiwa wametengeneza chochote, kesho yake huanza upya. Mkuu alimwonyesha mwenyewe, kwa upole, akimwita baba yangu. Hatumlazimishi mtu kugusa kitu, alimwambia. Tunaacha tu. Asiyeweza kazi hukaa.

"Na mchana?" nikamuuliza.

"Mchana nakaa nyuma ya kile kioo. Wanataka niwaambie, mimi kama fundi, mkono uliofanya kazi ni mkono mzima au sio."

Kumbe fundi bomba alikaa palepale kabla yake. Alidumu kwenye ile kazi mpaka siku alipolikaza lile bomba mara ya pili, wakamfukuza, wakamwambia asirudi kuomba, na sasa huja hivyo hivyo, anakalia mikono yake.

Lakini nitasema kweli, kwa sababu sina wa kumficha: nilimwambia avumilie. Nilipiga hesabu yangu mimi, yenye vitu viwili tu, mlango na msumeno. Nikachagua mlango. "Ni mbao, baba," nilimwambia. "Mbao na chuma. Wewe legeza, uje nyumbani mzima. Watu wenyewe wakae kwenye viti vyao, wanyamaze." Alitikisa kichwa kukubali. Kila asubuhi nilimpa chakula chake, akaenda.

Alianza kupungua mwili. Nyumbani akawa hatengenezi kitu. Mguu wa kitanda chetu ulilegea, tukalala hivyo hivyo tumeinamia upande mmoja, na yeye akawa hausikii, au anausikia na kunyamaza. Mtaani walimtania, Timazi vipi, meza zinayumba siku hizi. Akawa ananiuliza mara nyingi zaidi kama kuna kitu kinaungua, na nikawa namlaza mkekani mara nyingi zaidi, na kila mara nilijiambia: afadhali mkekani.

Kisha siku moja alirudi, akasimama mlangoni pa nyumba yetu bila kuingia.

"Yule mama wa magongo amekuja leo," akasema.

Alikuwa ameitwa kwa mara ya pili. Alikwenda chooni, akarudi, mlango ukambana. Safari hii hakuna aliyenyanyuka, chumba kizima, maana habari zilishazagaa. Mume wangu alikuwa nyuma ya kioo. Alitaka kutoka, karani akamwekea mkono kifuani, bila ukali, akamwambia subiri. Gongo likakwama, mama akaanguka kifudifudi. Akalala pale. Kisha akajikusanya, akatambaa mpaka kwenye gongo lake, akajiinua kwa mikono.

"Mkuu akasema, ameinuka mwenyewe," mume wangu akaniambia. "Akamwambia karani aandike."

Nilimvuta aingie ndani. Hakuingia.

"Mlango ule nimeulegeza mimi, mama. Kwa mkono huu."

Asubuhi iliyofuata aliniomba sindano na uzi. Nilidhani ni kifungo. Alitia randa kwenye begi, na skrubu ndefu mpya, na gundi. Nilimwona akizitia. Nilisimama na chakula chake mkononi, nikijua kabisa anakokwenda na atakachofanya, na sikumzuia, kwa sababu ilikuwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu kumwona ana uso wake wa zamani.

Aliupiga mlango randa upande wa chini, akaukaza kwa zile skrubu ndefu. Akatengeneza bomba, akatengeneza viti vyote. Hata pazia alilishona pindo, yeye ambaye hawezi kutia uzi kwenye tundu la sindano bila kunisumbua. Ofisi ilipofunguliwa watu waliingia katika chumba ambacho hakikuwa na kasoro. Walikaa pale wakitazamana. Fundi bomba, nilisikia baadaye, alitoa mikono yake aliyoikalia, akaiweka mapajani, akalia.

Walimfukuza kabla ya saa nne. Mkuu alimshika mkono wa kwaheri, akamwambia, "Baba yangu, ungeweza kukaa tu." Na kwamba asirudi kuomba. Aliyepewa kazi na serikali akaiharibu kwa makusudi hana tena nafasi pale, yeye na kifafa chake.

Nilimfokea. Nilimfokea mpaka majirani wakafunga madirisha. Nilimwambia amechagua mlango wa watu akaacha mkono wake mwenyewe, amechagua miguu ya mama asiyemjua akaniacha mimi. Aliniacha nimalize. Kisha akachukua kipande cha mbao, akapiga goti, akatengeneza mguu wa kitanda chetu. Usiku ule tulilala sawasawa na nilimchukia na nilimpenda.

Nilizunguka ofisi nyingine, nikabisha hodi kwa kila mtu aliyevaa tai. Wote waliuliza jambo moja: kwani ofisi husika imesemaje? Mwenye nyumba akaanza kuja jioni, anakaa barazani bila kusema kitu. Shemeji alijitahidi, maskini, lakini kazi ya watu wawili ilimzidi. Ndipo mume wangu akasema atafanya zile kazi ndogo tu, randa, gundi, msasa. Nikasema sawa. Wiki iliyofuata ikaja oda ya vitanda vya bweni. Niliposimama dirishani asubuhi moja niliona turubai limekunjwa, limewekwa pembeni.

Sikugombana tena. Nilibeba cherehani yangu nikavuka nayo kichochoro, nikaiweka ndani ya karakana, ukutani, chini ya swichi ya msumeno. Shemeji akanicheka, shemeji umehamia, tukuwekee kitanda? Nikamwambia aweke viwili. Nikawa nashona pale, siku zote, mguu kwenye cherehani na jicho kwa mume wangu. Kila baada ya muda nilinusa. Mbao ikitoa moshi nilimpigia kelele, kinaungua kweli, baba, ni mbao! Naye ananiinulia kidole gumba, anaendelea. Ilikuwa akili yangu hiyo: pua yangu iwe pua yake. Nilijivunia. Kwa majuma kadhaa ilifanya kazi.

Siku ile shemeji alikuwa amekwenda kupeleka vitanda vya kwanza. Mchana ulikuwa umetulia. Msumeno ulikuwa umetoka kunolewa jana yake, ukawa unapita kwenye mbao laini bila hata kulalamika, sauti yake ninayoipenda, kama kuna ninayoipenda. Nilikuwa napinda mkono wa shati. Mume wangu alikuwa ameshika ubao kwa mikono miwili, anausukuma taratibu, amenipa ubavu.

"Mama," aliita, bila kugeuka, akipaza sauti juu ya mashine. "Hawa wamenoa vibaya. Mbao inaungua."

Nikainua uso. Nikanusa.

Palikuwa na harufu ya mbao mbichi. Palikuwa na gundi, na mafuta ya cherehani yangu. Nikavuta pumzi tena, kwa nguvu, kifua kizima, nikiomba nipate hata chembe ya moshi.

Hakuna kilichokuwa kinaungua.

Niliruka, nikaipiga swichi kwa kiganja, nikaita jina lake. Sauti ya mashine ikakatika. Yeye alikuwa ameshaanza kuinama mbele, na msumeno ulikuwa bado unazunguka.